Tathmini: Kutoka Punta Arenas hadi Ushuaia kwa Basi na Feri

Tiketi niliyokabidhiwa katika ofisi ya basi mjini Punta Arenas, kusini kabisa mwa Chile, ilikuwa karatasi moja tu yenye jina langu, nambari ya pasipoti na nambari ya kiti, nayo ilinipa haki ya kusafirishwa zaidi ya kilomita 600, kuvushwa Mlango wa Bahari wa Magellan kwa feri, kupitishwa katika vituo viwili vya mpaka na kufikishwa Ushuaia, Argentina, jioni ya siku hiyohiyo. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili wanaoifikiria safari hiyo, kwa sababu kabla ya kuondoka nilitafuta maelezo ya mtu anayeijua feri kama tunavyoijua sisi tuliokulia Likoni, nisiyapate. Nilisafiri kwenda na kurudi mwezi wa Januari, kwa kampuni mbili tofauti za basi, siku moja ya shwari na siku moja ya upepo, na tofauti ya siku hizo mbili ndiyo iliyonionyesha mahali ambapo ubora wa huduma hii hujulikana.

Nianze na ununuzi wa tiketi, kwa kuwa hapo ndipo mgeni hukosea. Wakati wa safari yangu Punta Arenas haikuwa na kituo kimoja kikuu cha mabasi. Kila kampuni ilikuwa na ofisi yake katikati ya mji, na abiria alipaswa kujua basi lake linaondokea mlango gani. Si kila kampuni husafiri kila siku, na mwezi wa Januari, ambao huko ni katikati ya majira ya joto, viti hujaa mapema. Nilikata tiketi siku nne kabla, nikapata kiti cha dirishani upande wa kulia, upande ninaoupendekeza kwa anayekwenda Ushuaia, kwa sababu Mlango wa Magellan huwa kuliani kwake asubuhi na Ziwa Fagnano huwa kuliani kwake jioni. Karani aliinakili nambari ya pasipoti tarakimu kwa tarakimu, kisha akanipa karatasi niihakiki kabla ya kulipa. Umuhimu wa jambo hilo niliuona mpakani, ambako dereva alikabidhi orodha ya abiria na kila jina likalinganishwa na pasipoti ya mwenyewe. Nauli ya feri imo ndani ya bei ya tiketi, kwa hiyo abiria hadaiwi kitu kingine njiani.

Mwenye pasipoti inayohitaji viza ahakikishe kwamba anazo za nchi zote mbili, tena asome vizuri idadi ya kuingia. Kisiwa kikubwa cha Tierra del Fuego, ulipo mji wa Ushuaia, kiligawanywa kwa mkataba wa mpaka wa mwaka 1881, upande wa magharibi ukawa wa Chile na wa mashariki ukawa wa Argentina, na mlango wenyewe wa bahari ukabaki ndani ya Chile. Matokeo yake ni kwamba hakuna barabara inayomfikisha Mwargentina Ushuaia kutoka sehemu nyingine ya nchi yake bila kukanyaga ardhi ya Chile. Msafiri anayepanda basi Río Gallegos, ambao ni mji wa Argentina, hutoka Argentina, huingia Chile, huvuka kwa feri hii hii, hutoka Chile, kisha huingia Argentina tena, yote hayo kabla ya magharibi kuingia. Viza ya kuingia mara moja haitamfaa.

Jioni ya kuamkia safari nilipita katika uwanja mkuu wa Punta Arenas, ambako pamesimama sanamu ya Magellan iliyowekwa mwaka 1920, miaka 400 tangu apite hapo. Chini yake pana sanamu ya mwenyeji wa nchi hiyo, mguu wake ukining'inia, na kidole chake cha mguu kimesuguliwa na mikono ya wasafiri hadi kikang'aa kama dhahabu, kwa kuwa inaaminika kwamba akigusaye atarudi. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko wenzangu. Huyu Magellan, kabla ya kuwa baharia wa Hispania, alikuwa katika msafara wa Francisco de Almeida uliotoka Ureno mwaka 1505, ule ulioiteka Kilwa mwezi wa Julai na kuichoma Mombasa mwezi wa Agosti. Mtu wa pwani yetu anayevuka maji yaliyopewa jina lake hawezi kuyavuka kama mtalii tu. Nilikigusa kidole cha yule mwenyeji, na juu sikutazama tena.

Basi liliondoka saa mbili na nusu asubuhi, kwa wakati uliotajwa. Lilikuwa basi refu lenye viti vinavyolala nusu, choo nyuma, na sehemu ya mizigo iliyogawanywa kwa kituo cha kushukia. Utingo alibandika lebo kwenye kila begi na kumpa mwenyewe kipande chenye nambari ileile. Njia huelekea kaskazini kwanza, kisha huupinda ufuo wa mlango wa bahari kuelekea mashariki, na baada ya nusu saa miji huwa imekwisha. Hapo huanza nyika. Ninatumia neno hilo kwa makusudi, maana ni nchi tambarare, kavu, ya majani mafupi yenye rangi ya mchanga, iliyozungushiwa uzio wa waya wa mashamba ya kondoo, ambamo huonekana makundi ya guanako, wanyama wa ukoo wa ngamia, na ndege warefu wafananao na mbuni. Miti iliyosalimika imelala upande mmoja, matawi yake yote yakielekea mashariki kama nguo iliyoanikwa, kwa sababu upepo wa magharibi umeisukuma tangu ilipochipua.

Kabla ya kufika kwenye feri barabara hupita katikati ya majengo ya San Gregorio, shamba la kondoo la zamani ambalo maghala yake yamebaki matupu. Ufuoni, hatua chache kutoka barabarani, yamelala mabaki ya meli mbili. Moja ni Ambassador, jahazi la matanga lililoundwa mwaka 1869 kubeba majani ya chai kutoka China. Mbao zake zimekwisha, zimebaki mbavu za chuma zilizosimama mchangani kama mifupa ya nyangumi. Nyingine ni Amadeo, meli ya mvuke yenye kutu nyekundu. Basi halisimami hapo, wala halipunguzi mwendo. Kwa maoni yangu hili ni pungufu kubwa la safari nzima, kwa kuwa dakika kumi tu zingetosha, na ni mahali ambapo kila abiria aliyekuwa macho aliinuka kitini.

Baada ya kama kilomita 170 tukafika Primera Angostura, yaani mahali pa kwanza ambapo mlango wa bahari hubana, na hapo upana wake ni kama kilomita 4 tu. Feri zinaendeshwa na kampuni ya Transbordadora Austral Broom ya hapohapo Punta Arenas. Hakuna gati. Barabara ya lami inashuka moja kwa moja hadi majini na kuishia katika mteremko wa zege, na feri huja ikaegemeza bamba lake la chuma juu ya zege, ikaendelea kusukuma kwa injini ili isichukuliwe na mkondo huku malori yakipanda. Hapa ndipo nilipoona tofauti na Likoni. Kwetu nahodha anahangaika na wingi wa watu na meli zinazoingia Kilindini; hapa watu ni wachache, na kinachomhangaisha nahodha ni maji. Bamvua ya Mombasa hukaribia mita 4, na sisi huiona ni kubwa. Katika lango la mashariki la Mlango wa Magellan tofauti ya maji kujaa na kupwa inaweza kupita mita 7, na maji yote hayo hulazimika kupenya katika upenyo huu mwembamba, yakienda upande mmoja, kisha yakirudi.

Kwa hiyo feri haivuki kwa mstari ulionyooka. Inaelekeza pua mahali pengine kabisa, juu ya mkondo, halafu inasogea upande kama kaa hadi inafika pale inapotakiwa. Mabaharia waliovaa makoti ya rangi ya chungwa waliweka kabari za mbao chini ya magurudumu ya kila lori, wakafunga minyororo, wakamwashiria nahodha, na yote hayo yalichukua muda mfupi kuliko ninavyoyaeleza. Abiria wa basi letu tuliruhusiwa kushuka na kupanda ngazi hadi sehemu ya juu. Kuna ukumbi mdogo wenye viti na joto kwa asiyetaka baridi, lakini ninamshauri kila mtu asimame nje hata kama ni kwa dakika tano, akishika chuma kwa mikono miwili. Karibu na katikati ya safari pomboo wadogo wenye rangi nyeusi na nyeupe, ambao wenyeji huwaita tonina, walikuja kucheza kwenye pua ya feri. Hawazidi sana mita moja na nusu. Walipita chini yetu, wakaibukia upande wa pili, wakarudi, na maji yalikuwa maangavu kiasi kwamba weupe wa migongo yao ulionekana ukipinda chini ya chuma kabla hawajapumua. Dakika ishirini na kitu zikawa zimekwisha, bamba likashushwa Bahía Azul, na tukawa kisiwani.

Kama tathmini hii ingehusu feri peke yake, ningeishia hapo kwa sifa tupu. Usafi wake, nidhamu ya mabaharia, na namna mtembea kwa miguu anavyotengwa na malori wakati wa kushuka, jambo ambalo kwetu limegharimu maisha ya watu, ni mambo ya kuigwa. Ipo pia feri nyingine, ya kutoka Tres Puentes mjini Punta Arenas hadi Porvenir, ambayo huchukua zaidi ya saa mbili. Inamfaa mwenye gari lake, lakini mabasi ya Ushuaia kwa kawaida hupita huku kwenye upenyo.

Sehemu ya Chile ndani ya kisiwa ni ya kimya. Barabara, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya changarawe, sasa kwa sehemu kubwa imewekwa zege, na basi halitikisiki kama nilivyotarajia. Hupita karibu na Cerro Sombrero, mji mdogo uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mafuta, kwani mafuta ya kwanza ya Chile yalipatikana katika kisiwa hiki mwezi wa Desemba mwaka 1945. Mipakani pia palikuwa na mabomu ya ardhini yaliyotegwa miaka ya 1970, wakati nchi hizi mbili zilipokaribia kupigana, na kazi ya kuyaondoa ilikamilika mwaka 2020. Leo mahali hapo pana foleni mbili tu. Kituo cha Chile na kile cha Argentina vyote vinaitwa San Sebastián, navyo vimeachana kwa kilomita kadhaa za nyika, hivyo abiria hushuka mara mbili, hupanga foleni mara mbili na hupigiwa muhuri mara mbili. Kwenda, jambo lote lilichukua saa moja na robo, na maofisa wa pande zote mbili walikuwa wapole.

Baada ya mpaka, bahari ya Atlantiki hujitokeza kushoto, ya kijivu, bila hata mashua moja. Tuliingia Río Grande saa tisa alasiri, na hapo tukaambiwa tushuke, kwa kuwa tungebadilisha gari na kuingia katika basi dogo litakalotufikisha Ushuaia. Jambo hilo ni la kawaida katika njia hii, lakini halikuandikwa kwenye tiketi yangu wala halikutajwa na karani wala utingo. Mizigo ilishushwa yote kwa pamoja pembeni mwa barabara, na zile lebo nilizozisifu hazikukaguliwa na mtu. Mama mmoja mtu mzima wa Chile, aliyekuwa akienda kumtazama mwanawe, alibaki amesimama Río Grande huku begi lake likipakiwa kwenye gari la Ushuaia. Tulipopiga kelele ndipo dereva akasimama. Kampuni inayojali kubandika lebo asubuhi ingepaswa kuzisoma alasiri.

Kutoka Río Grande nchi hubadilika polepole, halafu kwa ghafla. Nyika hukunjamana, miti ya lenga huanza kuonekana mmojammoja ikiwa imevikwa kuvu la kijivu mithili ya ndevu, kisha msitu hufunga barabara pande zote mbili. Baada ya mji wa Tolhuin Ziwa Fagnano hufuatana nawe kuliani, refu, lenye mawimbi kama ya bahari. Bondeni utaona miti mingi iliyokufa ikiwa imesimama majini, nayo ni kazi ya wanyama waitwao biva walioletwa kutoka Kanada mwaka 1946 kwa ajili ya biashara ya manyoya. Hawakuwa na adui hapa, wakazaana, na mabwawa wanayoyajenga huzamisha mizizi ya lenga. Niliumia kuona bonde zima limekuwa la magogo meupe. Kisha barabara hupanda mlima hadi Paso Garibaldi, ambapo ziwa jingine, Escondido, huonekana chini kabisa, na upande wa pili wa mlima hushuka hadi Ushuaia.

Tulifika saa mbili na nusu usiku, saa kumi na mbili kamili tangu tuondoke. Ninaandika "usiku" kwa kuifuata saa yetu ya Kiswahili, lakini jua lilikuwa bado juu ya milima, na Magharibi ya siku ile niliiswali baada ya saa nne. Sisi tunaohesabu saa kwa kuchomoza na kuzama kwa jua tutaona ajabu hii kwa namna ambayo wengine hawaioni, maana katika nyuzi 54 kusini saa zetu humpoteza mwenyewe. Kwa upande wa huduma, mwanga huo ni neema: mwezi wa Januari, feri isipochelewa, hakuna sehemu hata moja ya njia hii inayopitwa gizani.

Sasa nije kwenye safari ya kurudi, siku nne baadaye, kwa kampuni ya pili.

Tuliondoka Ushuaia alfajiri, na mpaka San Sebastián hakukuwa na neno. Hapo, kwa kuwa tunaingia Chile, kila abiria hujaza fomu ya kilimo. Chile hukataza kuingizwa kwa matunda mabichi, nyama, jibini, asali na mbegu, na onyo hilo limeandikwa kwa herufi kubwa ukutani. Nilikuwa na mfuko mdogo wa mabuyu niliopewa na dada yangu Mombasa, ambao kwa siku zote hizo nilikuwa nikiula kidogo kidogo ili usiishe. Nilipoingia Chile mara ya kwanza kwa ndege niliutaja, ukaangaliwa kwa haraka, nikaruhusiwa. Safari hii ofisa, mwanamke kijana mwenye glavu, aliumimina mfuko juu ya sahani ya chuma, akachukua buyu moja jekundu, akalipasua kwa kisu kidogo, na sukari ilipobanduka ikatokea mbegu nyeusi, nzima. Akanionyesha. Nilijaribu kumweleza kwamba hupikwa kwa sukari na kwamba haiwezi kuota. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema kwamba mbegu ni mbegu, akanishukuru kwa kuitaja kwenye fomu, na akaniandikia karatasi inayoonyesha kwamba sidaiwi faini yoyote. Vidole vyake vya glavu vilikuwa vimeingia wekundu. Sikuwa na la kulaumu, kwa kuwa nilikuwa nimetoka kuona bonde la magogo meupe, na mtu aliyeona hayo hawezi kumbishia anayelinda mlango. Msafiri wa kutoka kwetu ajue basi: chochote chenye mbegu au asili ya mnyama akitaje, na anachokipenda sana asiende nacho.

Tulifika Bahía Azul saa nane mchana, tukakuta foleni ya malori iliyopanda mlima hadi isionekane mwisho. Upepo ulikuwa umevuma tangu asubuhi. Mlango wa bahari, ambao siku nne kabla ulikuwa wa buluu, ulikuwa mweupe kutoka ufuo hadi ufuo, na povu lilikuwa likiruka juu ya barabara. Mamlaka ya bandari ilikuwa imesimamisha feri. Uamuzi huo sikuulaumu hata kidogo. Yeyote aliyeuona mteremko ule wa zege ukifunikwa na wimbi, kisha ukafunuliwa, angeelewa kwamba bamba la chuma halingeweza kutulia juu yake wakati lori linapanda.

Kilichonisikitisha ni basi letu. Dereva alizima injini, akafunga choo kwa kufuli, akasema kwa Kihispania kwamba hajui lolote, kisha akaenda kukaa na madereva wenzake ndani ya banda la chai. Hatukumwona kwa saa tatu. Ndani ya basi walikuwamo watoto wawili na mzee aliyekuwa akitembea kwa mkongojo, na upepo ulikuwa ukilisukuma basi kiasi kwamba kila mmoja wetu alishika kiti cha mbele. Kufungua mlango peke yake ilikuwa kazi ya watu wawili. Kulikuwa na kijana aliyekuwa na ndege ya saa tatu usiku kutoka Punta Arenas. Alimfuata dereva mara mbili kuuliza kama kampuni ingempigia mtu yeyote simu, na mara zote mbili akajibiwa kwamba upepo si wa kampuni.

Jibu hilo ni la kweli, lakini halikutosha, na ushahidi wake ulikuwa mita kumi kutoka dirishani kwangu. Nyuma yetu palikuwa pameegeshwa basi la kampuni nyingine, lililokuwa likitoka Río Grande. Utingo wa basi lile alikuwa akipanda kila baada ya saa moja hivi kuwaeleza abiria wake yaliyosemwa na mamlaka ya bandari, hata kama yaliyosemwa ni kwamba bado hakuna jipya. Aliwasha injini kwa dakika chache ili ndani pawe na joto. Alipeleka chupa ya maji ya moto kutoka banda la chai, na abiria wakapitishiana kikombe chenye bombila, yaani mrija, cha chai yao ya majani machungu iitwayo mate. Walingoja saa zilezile tulizongoja sisi, katika upepo uleule, na walipovuka walikuwa wakizungumza. Sisi tulivuka tukiwa kimya.

Hivyo ndivyo ninavyowashauri wanaochagua kampuni. Siku ya shwari mabasi yote ni mamoja: viti ni vilevile, barabara ni ileile, feri ni ileile. Swali la kumwuliza karani wakati wa kukata tiketi ni hili: feri ikisimama, mnafanya nini? Nilirudi kuwauliza hivyo makarani wa ofisi tatu za Punta Arenas siku iliyofuata. Mmoja aliniambia kwamba feri haisimami. Wa pili aliinua mabega. Wa tatu alinieleza bila kusita kwamba dereva wao hupiga simu ofisini, kwamba ofisi huwatafutia malazi wasio na pa kulala wakifika usiku wa manane, na kwamba hawamuuzii tiketi mtu mwenye ndege ya siku hiyohiyo bila kumtahadharisha kwanza. Kwa huyo wa tatu ndiko ningekata tiketi leo.

Kuhusu tahadhari hiyo ya ndege sina budi kuisisitiza: asiwepo mtu anayepanga kusafiri kwa ndege siku aliyopanga kuvuka Mlango wa Magellan, aende upande wowote. Upepo wa huko huwa mkali zaidi katika majira ya joto, yaani Desemba hadi Februari, ambayo ndiyo miezi ambayo wageni wengi huenda. Mjini Punta Arenas kwenyewe hufungwa kamba barabarani siku za upepo mkubwa ili watu washike wanapotembea. Abebe chakula cha kumtosha saa kumi na nane badala ya kumi na mbili, ila kiwe mkate, biskuti na vitu vilivyofungwa kiwandani, kwa sababu niliyoieleza. Awe na fedha taslimu kidogo za nchi zote mbili, kwa kuwa banda la chai la Bahía Azul halikupokea peso za Argentina. Avae koti la kukinga upepo hata kama jua linawaka, na kilemba au kofia aifunge kidevuni.

Gharama niliiona ni ya haki kwa urefu wa njia na kwa kuwa feri imo ndani yake. Ningelipa tena bila kusita, na ningependelea kulipa hiyo kuliko ndege, kwa sababu mtu anayeruka juu ya nchi hii atauona ukubwa wake asiuhisi upana wa upenyo ule, wala hatajua kwa nini mji wa Ushuaia, ulioko karibu na mwisho wa barabara ya kitaifa nambari 3, huhesabu mboga na saruji yake kwa siku ambazo feri imevuka.

Siku ile ya upepo, feri ya kwanza ilishusha bamba saa mbili usiku, jua likiwa bado liko juu ya maji. Waliotangulizwa ni gari la wagonjwa, malori mawili ya ng'ombe na mabasi. Tulipofika katikati mawimbi yalikuwa bado yakipanda hadi kwenye vioo, na chumvi ikakauka hapohapo ikawa nyeupe, tusiweze kuona nje. Mzee mwenye mkongojo alianza kusali kwa sauti ndogo, na aliyeketi karibu naye akamshika mkono hadi tulipogonga zege la upande wa pili. Punta Arenas tuliingia saa tano na nusu usiku. Kijana wa ndege alishuka wa kwanza, akaenda moja kwa moja kwenye ofisi ya kampuni, akaukuta mlango umefungwa, taa imezimwa. Nilimwachia anwani ya nyumba niliyokuwa nimepanga, tukatembea pamoja dhidi ya upepo, kila mmoja ameshika kamba.